Namba Mbili

Mimi fundi feni, Mwembe Kuku,
kibanda kimebanana na duka la kanzu.
Za dari, za meza, za kusimama,
iliyokwama beringi, iliyoungua koili,
zote huniletea homa zao miezi ya jua.

Mwanangu Shekue, miaka minne na nusu,
hukaa juu ya ndoo ya rangi iliyopinduliwa,
atazame mapanga yakiyeyuka kuwa duara.

Hanitazami.
Nimwite jina, nimwite la utani,
nigonge bati kwa nyundo: shingo haigeuki.
Lakini karatasi ya peremende ikichakarishwa nyumba ya tatu
yuwasikia.

Akitaka kitu, huja akanishika hapa, kifundo cha mkono,
akaubeba mkono kama abebavyo bisibisi,
akauweka juu ya swichi.
Mkono, si mimi.
Nilidhani hajui kwamba mkono una mtu.

Walimwengu hawakosi la kunena.
Shangazi Mwanasha alileta kombe kwenye chupa ya soda.
Jirani akasema, mwamdekeza huyo.
Mwengine, kwa sauti ya chini iliyotakiwa isikike:
labda mamake hakumpakata.
Mamake, aliyempakata hata mkono ukafa ganzi,
akanyamaza,
akaingia ndani kuupeta upya
mchele alioupeta asubuhi.

Daktari wa Makadara alisema: usonji.
Neno likatua juu ya meza
kama nati ambayo hujui imetoka mashine gani.
Nikauliza, hatupendi?
Akauliza yeye, usiku hulalaje?
Mamake akajibu: na pindo la leso yangu puani,
nikilivuta, huamka.
Daktari akaweka kalamu chini.
"Basi mwalimwona akipenda, hamjalijua jina lake tu.
Msimvute aje. Nendeni aliko."

Nikatafuta ndoo ya pili.

Wiki ya kwanza nilikaa kando yake, mdomo kimya,
wateja wakinicheka: fundi kageuka mtazamaji.
Wiki ya tatu nikaanza kusikia.
Namba tatu ina mluzi mwembamba, humtoboa masikio.
Namba moja humkatisha tamaa.
Namba mbili, hapo mabega yake hushuka.
Miaka ishirini natengeneza feni
sikujua zina sauti.

Basi nikawa nasema "mbili" kabla ya kubonyeza.
Nasema, nangoja.
Nasema, nangoja zaidi.
Siku moja midomo yake ikafanya umbo la m,
haikutoka sauti,
nikabonyeza haraka kama mtu aliyeamriwa na sultani.

Alhamisi, baada ya adhuhuri, joto la kuyeyusha lami,
nilifunga kwenye wavu wa feni kipande cha kitambaa,
chekundu, masalio ya jirani wa kanzu.
"Mbili."
Kitambaa kikanyanyuka, kikapepesuka, kikampiga kofi hewa.
Shekue akacheka kutoka tumboni.
Kisha akageuka.

Kitambaa.
Mimi.
Kitambaa.

Haikuwa ndefu. Ilikuwa kama mtu
anayekupitishia kitu juu ya ukuta, akashuka.
Lakini hakutaka swichi, mkono wangu ulikuwa magotini.
Alitaka kujua jambo moja tu:
na wewe umeona?

"Nimeona," nikasema. "Nimeona, baba, nimeona."
Mama mmoja wa Kibokoni amesimama na pesa mkononi
auliza, ngapi, fundi? Fundi, ngapi?
Nami hesabu imenitoka yote
isipokuwa mbili.

Usiku nikamsimulia mamake.
Akaacha kukunja nguo.
"Alikutazama wapi? Machoni?"
"Sijui. Hapa, nadhani. Kwenye ndevu."
Akacheka, akafuta uso kwa leso ile ile
yenye pindo lililotafunwa.
"Basi wewe," akasema, "Ijumaa hii
usithubutu kwenda kwa kinyozi."